Ganda, Moto na Kichwa cha Nguruwe: tukichungua kitabu cha William Golding



Kuna vitabu ambavyo mtu anavisoma, anavirudisha kabatini, na habari inakwisha. Kuna vingine vinavyomfwata mpaka kanisani na mpaka kitandani. Kitabu cha Mwingereza William Golding, Lord of the Flies, ni cha namna hiyo ya pili. Wengi wetu katika Kongo tulikisoma kwa Kifaransa, katika tafsiri iliyotoka Paris mwaka 1956 kwa jina la Sa Majesté des mouches. Kwa Kiswahili tutakiita hapa Bwana wa Nzi.

Hatutaki kukisifu tu, wala kukihukumu haraka kwa sababu ya damu iliyomo. Tunataka kuuliza ulizo moja: Kitabu hiki kinasema kweli juu ya mtu? Na kama kinasema kweli, kinasema kweli yote? Ulizo hili si mchezo kwetu. Kila mmoja wetu, leo ama kesho, atapewa watu wa kuongoza: darasa, chama cha vijana, shirika la wakristu, na kiisha labda parokia nzima. Kitabu cha Golding ni kitabu cha watoto wawili wanaogombea uongozi. Mwenye kuongoza kondoo wa Mungu anapashwa kujua ugomvi huo unazaliwa wapi.

I. Mwandishi na habari yake

Golding alizaliwa mwaka 1911 katika inchi ya Cornwall, upande wa kusini-magharibi wa Uingereza. Alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana katika mji wa Salisbury, basi aliwajua watoto kwa kuwaona kila siku, si kwa kusikia. Vita kuu ya pili ilipokuja aliingia jeshi la bahari. Mwaka 1944 alikuwa afisa wa chombo kimoja cha vita siku majeshi yaliposhuka katika pwani ya Normandie. Alieleza baadaye ya kwamba mbele ya vita alisadiki kwamba ukitengeneza serikali vizuri, mtu atakuwa mwema. Na baada ya vita hakusadiki hivi tena. Riwaya yake ya kwanza ilikataliwa na wachapaji wengi, kiisha ikatoka London mwaka 1954. Mwaka 1983 alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yake ya uandishi. Alikufa mwaka 1993.

Habari yenyewe ni hii. Kuna vita duniani. Ndege iliyochukua wavulana wa Kiingereza inapigwa, inaanguka katika kisiwa kisicho na watu. Mtu mzima hakuna hata mmoja. Mtoto Ralph na mwenzake mnene mwenye miwani, aliyeitwa kwa utani Piggy, wanaokota ganda kubwa la konokono wa bahari. Piggy anamwonyesha Ralph ginsi ya kulipiga kama pembe, na watoto waliotawanyika wanakusanyika kwa sauti yake. Wanachagua mkubwa, naye ni Ralph. Wanapatana: anayeshika ganda ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Wanawasha moto mlimani, kusudi meli ipate kuona moshi. Lakini mtoto mwingine, Jack, anapenda kuwinda nguruwe kuliko kulinda moto. Hofu inaingia: wadogo wanasema kuna mnyama wa kutisha. Watoto wanagawanyika. Wawili wanauawa, Simon na Piggy. Ralph anawindwa kama nyama ya pori, mpaka siku anapoanguka mchangani miguuni pa afisa mmoja wa jeshi la bahari.

Inafaa kujua ya kwamba Golding alikuwa akijibu kitabu kingine. Mwaka 1857 R. M. Ballantyne alitunga The Coral Island, habari ya wavulana watatu wa Kiingereza katika kisiwa. Majina Ralph na Jack yametoka humo. Katika kitabu cha Ballantyne watoto wa Ulaya ni wema, wanapendana, wanacheka. Ubaya unatoka nje, kwa wezi wa bahari na kwa watu wa visiwa walao watu. Golding amegeuza jambo lote. Katika kisiwa chake hakuna mwenyeji wa kusingiziwa. Ubaya umeshuka kutoka ndegeni pamoja na watoto, ndani ya nguo zao za shule. Wazee wetu wanasema: Kikulacho ki nguoni mwako.

II. Alama haziko kama funguo

Walimu wengi wanafundisha kitabu hiki kwa njia ya liste: ganda ni sheria, miwani ni elimu, moto ni matumaini, mnyama ni shetani, Simon ni Kristu. Mwanafunzi anaandika liste katika kaye yake, anapata pointi, anazani amesoma. Sisi tunaona njia hiyo haifai. Katika kitabu kizuri alama haina maana moja iliyofungiwa ndani yake. Maana yake inakua na kubadilika kwa matendo ya watu. Tutazame tatu tu.

Kwanza ganda. Siku ya kwanza ni zuri, lina rangi. Kadiri siku zinavyopita jua linalichoma, rangi inakwisha, linabaki jeupe na jepesi. Golding hasemi kwa nini, lakini tunaona: neno la ganda linapungua nguvu wakati uleule. Ganda halina askari. Halina kiboko. Nguvu yake yote ni mapatano ya wale wanaolitii. Siku Jack anaposema ya kwamba upande wake wa kisiwa ganda si kitu, ganda limekwisha kufa, hata kama bado ni zima mkononi mwa Piggy. Jiwe linalolivunja baadaye linamaliza tu kazi iliyokwisha kufanyika mioyoni. Na Golding ameweka kitu kidogo kinachoonyesha akili yake: usiku wawindaji wanapovamia kibanda cha Ralph, Piggy anazani wamekuja kuiba ganda. Hapana. Ganda wameliacha palepale. Wamechukua miwani. Mwenye kutafuta nguvu hana haja ya sheria hata ya kuiba. Anataka moto tu.

Pili miwani na moto. Waalimu wa fizika wanatuambia kwa haki kwamba Golding amekosa: miwani ya mtu asiyeona mbali hutawanya mwangaza wa jua, haiwezi kuukusanya na kuwasha moto. Tunakubali kosa. Lakini tuangalie kazi ya moto wenyewe. Siku ya kwanza watoto wanauwasha kwa furaha bila akili, unateketeza pori, na mtoto mmoja mdogo mwenye alama usoni haonekani tena tangu siku ile. Hakuna anayetaka kusema amekufa. Basi moto wa matumaini ndio moto ulioua wa kwanza. Na mwishoni, moto ambao Jack anauwasha ili kumfukuza Ralph katika maficho yake na kumwua ndio moto unaoonwa na meli na kuwaokoa wote. Anayesema kwa urahisi “moto ni matumaini” hajasoma ukurasa wa mwisho. Alichotaka kutuonyesha Golding ni hiki: chombo kilekile, mkononi mwa mtu huyu ama yule, ni wokovu ama ni mauti.

Tatu kichwa cha nguruwe. Wawindaji wameua nguruwe jike, wamekata kichwa, wamekisimamisha juu ya kijiti kama zawadi kwa mnyama wanayemwogopa. Nzi wanakuja. Jina la kitabu linatoka hapa, na msomaji wa Biblia analijua mara moja: Beelzebubu, mungu wa Ekroni, ambaye mfalme Ahazia alituma watu kumwuliza habari katika kitabu cha pili cha Wafalme, na katika Injili Mafarisayo wanamtaja kama mkubwa wa pepo. Lakini angalieni vizuri, ndugu. Watoto hawakumwabudu mnyama kwa sababu wanampenda. Walimwachia chakula kusudi asiwale wao. Hii ni dini ya hofu, na dini ya hofu haikomi kuomba damu: leo kichwa cha nguruwe, kesho kichwa cha mwenzako. Roger, mtumishi wa Jack, amekwisha kuchonga kijiti kingine, chenye ncha huku na huku, kwa ajili ya Ralph. Sisi tunaosimama kila siku mbele ya altare, ambapo si mtu anayelisha mungu mwenye njaa, lakini Mungu ndiye anayemlisha mtu, tungepashwa kuelewa ukurasa huu kuliko wasomaji wote.

III. Wakubwa wawili

Methali inasema fahali wawili hawakai zizi moja. Wengi wanasoma ugomvi wa Ralph na Jack hivi tu: mmoja mwema, mmoja mbaya. Golding ameandika kwa uangalifu zaidi.

Tuanze na Jack, kwa maana habari yake inatugusa. Anapotokea mara ya kwanza, anatembea mchangani mbele ya wavulana waliopanga mstari, wamevaa kofia na majoho meusi yenye msalaba mrefu wa rangi ya feza kifuani. Ni kwaya! Hawa ndio waimbaji wa kanisa, na Jack ndiye mkubwa wao. Anadai awe mkubwa wa wote, na sababu anazotoa ni kwamba yeye ni mkubwa wa kwaya na anaweza kuimba sauti ya juu sana. Basi wawindaji wa kisiwa, wale watakaocheza kwa mikuki na kuua, ni wale wenye msalaba kifuani. Wanavua majoho kwa sababu ya joto, na kiisha hatusikii tena kwamba yeyote kati yao amekumbuka wimbo mmoja ama sala moja. Ndugu seminari, joho halikuwalinda. Tuliyovaa nje bila kuyavaa ndani, jua la siku mbili linatosha kuyavua.

Lakini Jack si mjinga. Anajua kitu ambacho Ralph hajui: watu wana njaa na wana hofu. Anawapa nyama, na kwa hofu yao anawapa ngoma, rangi usoni, na adui. Alipoomba kwa sauti kubwa, mbele ya mkutano, Ralph aondolewe katika ukubwa, hakuna aliyeinua mkono. Alikwenda zake peke yake akilia machozi. Kwa hesabu ya kura alikuwa ameshindwa kabisa. Lakini usiku na mchana uliofwata watoto walitoroka mmojammoja, kimyakimya, wakaenda kwake. Mwenye njaa hana miiko. Watu hawakubadili shauri lao mkutanoni. Walibadili miguu yao.

Na Ralph? Ni kijana mwenye moyo mzuri, na bado ana makosa ya kiongozi ambayo tunayajua sana. Kosa la kwanza analifanya mbele hata ya kuchaguliwa. Mwenzake alimwomba asiwaambie wengine lile jina la utani. Ralph alilisema mbele ya wote, wakacheka. Kwa hiyo umoja wa kwanza wa kisiwa ulijengwa juu ya kicheko cha kumwaibisha mmoja. Aliyechekwa siku ya kwanza ndiye aliyeuawa mwishoni chini ya jiwe. Hatuamini kama mwandishi ameweka hivyo kwa bahati tu.

Kosa la pili: alipochaguliwa aliona haya ya Jack, akataka kumtuliza, akamwachia kwaya yote iwe yake. Alizani ni upole. Kumbe alifanya jeshi ndani ya serikali. Mkubwa anayegawa watu kama zawadi, kusudi apate amani ya siku moja, ananunua vita ya siku nyingi.

Kosa la tatu ni la namna nyingine. Katika mkutano mmoja wa jioni, giza likiingia, Ralph anataka kumaliza habari ya mizimu kwa kuwapigisha kura: nani anasadiki iko? Katika giza anaona mikono mingi. Hofu haikatwi kwa kura. Kiongozi mwenye akili angewapeleka wadogo wale karibu na moto, angekaa nao, angewashika mkono. Katika kisiwa chote ni Simon peke yake aliyewachumia wadogo matunda ambayo mikono yao haikuyafikia, na aliyebaki na Ralph kujenga vibanda wakati wengine walipokwenda kuogelea.

Hapa tunagusa neno la Bwana wetu katika Injili ya Marko, sura ya 10, alipowaonyesha mitume ya kwamba wakubwa wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu, lakini kwao anayetaka kuwa wa kwanza sherti awe mtumishi. Jack ametawala kama mataifa. Ralph amejaribu kutawala kwa utaratibu. Ni Simon aliyetumikia, naye hakuchaguliwa na mtu.

IV. Simon na neno lisilofika

Wasomaji wakristu wanapenda kusema Simon ni mfano wa Kristu. Tunakubali nusu. Anakwenda peke yake fasi ya kimya porini. Anaona kile ambacho wengine hawakioni: katika mkutano anajaribu kusema labda mnyama ni sisi wenyewe, na wanamcheka. Anapanda mlimani wakati hakuna anayethubutu, anakuta “mnyama” ni maiti ya askari aliyeanguka kwa parashuti, upepo unaivuta na kuilaza. Anafanya tendo dogo ambalo wachunguzi wengi wanalipita haraka: anafungua kamba zilizonasa mawe, ili maiti isichezewe tena na upepo. Ni tendo la huruma kwa mfu, mahali ambapo wengine wote walimwona mfu na kukimbia. Kiisha anashuka kuleta habari njema: hakuna mnyama, msiogope. Anatoka pori katikati ya ngoma, usiku, mvua na radi. Wanamzunguka, wanamwita mnyama, wanamwua kwa mikono na meno. Bahari inamchukua katika mwangaza mzuri sana.

Na ndipo inapokwisha. Habari aliyoileta haikusikiwa na mtu. Mauti yake haikufungua macho ya wawindaji. Jack aliwaambia baadaye ya kwamba mnyama alikuja kwa sura nyingine na anaweza kurudi. Kisiwa hiki kina Ijumaa Kuu, lakini siku ya tatu haikufika. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba Simon ni Kristu. Tuseme: Golding ametuonyesha mwenye haki anayeuawa, na dunia ingekuwa namna gani kama habari ingekwishia pale.

Kwa maoni yetu, ukurasa mkubwa kuliko yote unakuja asubuhi ya kesho yake. Ralph na Piggy nao walikuwa katika ngoma ile. Ralph anasema neno lenyewe: tumeua. Piggy anakataa: ilikuwa giza, kulikuwa radi, Simon alikosa kuja vile, ilikuwa bahati mbaya, sisi tulikuwa pembeni. Mapacha Sam na Eric wanasema walitoka mapema, walichoka. Kila mmoja anaficha. Hapo, wasomaji, tunaona kile kinachokosekana kabisa katika kisiwa. Si sheria: sheria walikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Si akili: Piggy alikuwa na akili nyingi. Kinachokosekana ni mahali pa kuungama na mtu wa kuwaambia wamesamehewa. Zambi isiyoungamwa inarudi kama hofu, na hofu inatafuta mnyama mwingine wa kuuawa. Kama Ralph angepata mtu wa kumsikia asubuhi ile, labda Piggy angeishi.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha pili cha Maungamo, anasimulia ginsi alivyoiba matunda pamoja na vijana wenzake. Hakuwa na njaa, na mengine waliwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye anajiuliza sababu, na anaona kwamba peke yake asingefanya. Alifanya kwa sababu walikuwa kundi na waliona haya ya kutokuwa wabaya. Golding amesimulia jambo lilelile. Tofauti ni kwamba Augustino anaandika akipiga magoti, naye mtoto wa kisiwa hana mbele ya nani apige magoti.

V. Mambo tunayomkatalia mwandishi

Tumsifu, lakini tusinyamaze penye kasoro.

La kwanza: Golding anapotaka kuonyesha watoto wamepotea, anawapaka rangi usoni, anawapa ngoma na mikuki, anawaita kabila la washenzi. Katika chapa za kwanza Piggy hata alitumia tusi la kuwadharau watu weusi, na chapa za baadaye zimelibadili. Mwandishi aliyekuja kuvunja majivuno ya Ballantyne amechukua mavazi ya ubaya katika sanduku lilelile la Ballantyne. Sisi tunajua vingine. Kwa mababu zetu rangi usoni haikuwa kinyago cha kuficha haya. Mtoto aliyepakwa udongo katika tohara alikuwa na mzee pembeni yake, alikuwa na miiko, alifundishwa mezali na heshima, na alirudi kijijini kuwa mtu. Kwa Warega wa Kivu na Maniema, mtu alipanda daraja za bwami pamoja na mafundisho juu ya kiasi, utulivu na tabia njema. Watoto wa Golding hawakurudi katika desturi ya watu wa kale. Walikuwa watoto wasio na desturi yoyote, na hilo ni jambo jingine.

La pili: kuna habari ya kweli inayosimama karibu na kitabu hiki. Mwezi wa sita mwaka 1965, vijana sita wa shule ya Waanglikana ya Mtakatifu Andrea katika mji wa Nuku'alofa, katika visiwa vya Tonga, walitoroka kwa mtumbwi wa kuvulia waliouchukua bila ruhusa. Zoruba ikavunja tanga, wakaelea siku 8, wakatupwa katika kisiwa cha 'Ata. Kisiwa hicho kilikuwa kitupu tangu mwaka 1863, wakati wafanya biashara wa watumwa walipoteka watu wake. Wale sita waliishi huko zaidi ya mwaka mmoja. Waligawa kazi wawiliwawili: shamba, chakula, ulinzi. Walichonga magogo kwa kuteka maji ya mvua. Walipogombana, wenye ugomvi walitengana mpaka hasira itulie, kiisha wakapatanishwa. Mmoja alianguka na kuvunjika mguu. Wenzake wakauunga kwa vijiti na kufanya kazi yake. Moto wao haukuzimika. Asubuhi na jioni waliimba na kusali. Mwezi wa tisa mwaka 1966 nahodha wa Australia, Peter Warner, aliwakuta wazima.

Je, habari hii inamfanya Golding kuwa mwongo? Hapana. Wale sita walikuwa wachache, marafiki, wazaliwa wa visiwa wanaojua bahari. Lakini inatuonyesha ya kwamba kisiwa cha Golding si cha kila mtu. Zambi ya asili ni kweli, na Mtume Paulo anaieleza vikali katika barua kwa Waroma. Lakini Paulo huyohuyo anasema katika sura ya 5 ya kwamba zambi ilipozidi, neema ilizidi hata zaidi. Golding anajua nusu ya kwanza vizuri sana. Nusu ya pili amewaachia wengine waiseme.

VI. Afisa mchangani

Turudi mwisho wa kitabu. Afisa amesimama, nguo nyeupe, vifungo vya zahabu, bastola kiunoni. Anaona watoto wenye rangi na mikuki, anazani ni mchezo. Anawaonea haya kidogo: watoto wa Kiingereza wangeweza kufanya vizuri zaidi. Ralph analia, analilia rafiki yake mwenye akili aliyekufa na giza la moyo wa mtu. Afisa anageuka, anatazama meli yake. Ni meli ya vita! Anayewaokoa watoto na mauaji anatoka katika mauaji, na atarudi kule. Methali yetu inasema: Penye wazee haliharibiki neno. Watoto wa kisiwa walisadiki vile. Walililia wazee kila siku. Na kumbe wazee ndio waliopiga ndege yao, na ndio waliowatupia mlimani maiti ya askari, alama pekee iliyotoka kwa dunia ya wakubwa.

Sisi wa Kongo hatuhitaji kwenda katika bahari ya mbali ili tuelewe. Katika vita ya 1996 na 1997 tuliona watoto waliovalishwa nguo za askari, bunduki karibu ndefu kuliko wao. Watu wakawaita kadogo. Hao hawakupotea kwa sababu ya kukosa wazee. Wazee ndio waliowapa bunduki. Kwa hiyo anayesoma Bwana wa Nzi katika inchi yetu na kusema tu “angalieni ubaya wa watoto”, amesoma vibaya. Aulize kwanza: nani aliwarusha katika ndege ile?

Kwa walimu na wakatekista tunatoa shauri hili. Msiwaambie vijana waandike liste ya alama. Wapeni ukurasa wa asubuhi baada ya mauti ya Simon, na muwaulize: Ungekuwa wewe, ungesema kama Ralph, ama kama Piggy? Kiisha nyamazeni, muwaachie wakati. Mtaona kwamba ganda, moto na kichwa cha nguruwe vitajieleza vyenyewe.

Na kwa ndugu wafratri, tunaojiandaa kuwa wazee wa wengine: siku moja watoto waliotupwa pwani watatukuta tumesimama mchangani na nguo zetu nyeupe. Mungu atujalie siku ile tusigeuze uso kutazama pembeni. Atujalie tukae chini nao, tusikilize waliyoyafanya, na tuwe na neno la kuwaambia ambalo yule afisa hakuwa nalo.